Riba ya asilimia 9 ipo, mbona benki inadai hati ya nyumba?

SWALI: Mimi ni mkulima wa Namtumbo, mkoani Ruvuma, mwenye umri wa miaka 47. Ninalima ekari tano za mahindi na ekari tatu za ufuta. Msimu uliopita ufuta ulinipa kilo 700, nikauza kupitia AMCOS yetu, yaani chama chetu cha ushirika cha kuuza mazao. Mahindi nawauzia wachuuzi wanaofika kijijini. Kila Januari hukopa shilingi 200,000 kwa mfanyabiashara mmoja na kumlipa magunia sita ya mahindi mwezi Juni. Nimesikia redioni kuwa riba ya mikopo ya kilimo imeshuka hadi asilimia 9, nikaenda benki kuomba shilingi milioni tatu, nikaambiwa nilete hati ya nyumba au ya shamba. Sina hati. Je, mikopo hii ni ya nani hasa? Na mke wangu, ambaye yumo katika kikundi cha wanawake, anaweza kukopeshwa kwa njia nyingine?

JIBU: Ndugu mkulima, ulichosikia redioni ni kweli, na ulichoambiwa benki nacho ni kweli. Taarifa ya kwanza inahusu bei ya fedha, ya pili inahusu woga wa mwenye fedha, na miaka hii ya karibuni Serikali imefanikiwa zaidi kushusha ile bei kuliko kuuondoa ule woga.

Nianze na bei. Mwezi Julai 2021 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba benki itakayokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka itapunguziwa kiasi cha amana inachotakiwa kisheria kukiweka Benki Kuu, na ikatenga shilingi trilioni 1 ambayo benki zingeikopa kwa asilimia 3 ili nazo zikopeshe kwa riba isiyopita hiyo 10. Baada ya hapo benki kubwa kadhaa, NMB na CRDB zikiwemo, zilishusha riba ya mikopo ya kilimo hadi asilimia 9. Lakini angalia vizuri mpango huo ulivyojengwa: Serikali imeirahisishia benki kupata fedha, ila anayechagua wa kumkopesha bado ni benki, na usipolipa, hasara inabaki kwenye vitabu vya benki. Ndiyo maana afisa mikopo aliyekuhudumia, pamoja na bango la asilimia 9 lililobandikwa nyuma yake, bado alikuuliza habari ya hati.

Kwa upande wa woga ipo mifuko ya dhamana. Benki ya Maendeleo ya Kilimo Tanzania, tunayoiita TADB, ilizinduliwa 2015, na tangu 2018 inaendesha mfuko unaowadhamini wakulima wadogo katika benki nyingine: benki inakopesha, na mkopo ukishindikana kulipwa, mfuko unaifidia benki sehemu ya hasara, takribani nusu, na zaidi ya hapo kwa makundi kama wanawake na vijana. Taasisi ya PASS, iliyoanza 2000 kwa ushirikiano wa Tanzania na Denmark, hufanya kazi inayofanana na hiyo. Hapa pana jambo ambalo wakulima wengi hulielewa kinyume, na lazima niliseme wazi: anayedhaminiwa ni benki. Mfuko ukishalipa fidia, deni lako haliwi limefutwa; utaendelea kudaiwa, na jina lako litaingia katika kumbukumbu za wakopaji ambazo kila benki nchini huzisoma kabla ya kumkopesha mtu. Wapo waliosikia maneno “dhamana ya Serikali” wakaenda kujenga nyumba.

(Kwa wenye kumbukumbu ndefu, haya si mapya. Tulikuwa na Benki ya Maendeleo Vijijini tangu 1971, ambayo 1984 iligeuzwa kuwa CRDB ya zamani, benki ya ushirika na maendeleo vijijini, nayo ikabinafsishwa 1996. Toka hapo hadi TADB ilipofungua milango ilipita karibu miaka ishirini bila benki ya umma ya kilimo, na mfanyabiashara wako wa magunia sita alizaliwa katika pengo hilo.)

Sasa tuje kwako. Umeniambia una mazao mawili, na kwa macho ya benki mazao hayo hayafanani hata kidogo. Mahindi yako unamuuzia yeyote anayefika na fedha taslimu; hakuna karatasi inayoonyesha uliuza kiasi gani, kwa nani, wala kwa bei ipi. Ufuta wako unapita AMCOS, unapimwa, unaingia ghala lililosajiliwa chini ya Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya 2005, unauzwa kwa mnada unaosimamiwa kielektroniki na Soko la Bidhaa Tanzania, kisha malipo yanarudi kwa mkulima kupitia akaunti, makato yakiwa yameshatolewa. Mkulima huyalalamikia makato hayo, na mara nyingine ana haki ya kulalamika, lakini mkopeshaji anayaona kwa jicho jingine kabisa: kama ushuru wa chama unaweza kukatwa kabla fedha hazijafika mkononi mwako, basi na rejesho la mkopo linaweza kukatwa hapohapo. Hiyo ndiyo dhamana uliyo nayo bila kujua. Kilo zako 700 zilizoandikwa kwenye daftari la AMCOS zina uzito kuliko nyumba ya tofali za kuchoma ambayo benki isingepata wa kuinunua hata kama ingeipiga mnada.

Nilifanya kazi ya mikopo ya kilimo kwa miaka kadhaa katika benki ambayo sitaitaja, na ninakiri kwamba tuliwarudisha watu kama wewe wengi. Fomu yetu ilikuwa na nafasi ya namba ya hati na haikuwa na nafasi ya historia ya mauzo, kwa hiyo mkulima aliyepeleka mzigo ghalani misimu minne mfululizo aliandikwa “hana dhamana”, ilhali ofisi ya chama chake kikuu, kinachoziunganisha AMCOS za eneo hilo, ilikuwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka tulipokaa. Kwa sababu hiyo nakushauri usirudi benki peke yako kama mtu binafsi mwenye ekari nane. Nenda kupitia AMCOS, na kwa ajili ya ufuta tu.

Njia hiyo ina taratibu zake, na zinaanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Chama cha ushirika hakiwezi kukopa kwa uamuzi wa mwenyekiti na meneja peke yao. Chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, wanachama katika mkutano mkuu hupitisha ukomo wa madeni, yaani kiwango cha juu ambacho chama kinaruhusiwa kukopa, na ukomo huo huidhinishwa na Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Benki itataka pia hesabu zilizokaguliwa, kazi ambayo kwa vyama vingi hufanywa na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, pamoja na orodha ya wanachama wanaoomba, ukubwa wa mashamba yao, na mauzo yao ya misimu iliyopita. Kwa Ruvuma, ambako mvua huanza Novemba, mkutano unaozungumzia mkopo mwezi Desemba umeshachelewa. Fedha zitatoka Februari wakati ufuta unahitaji palizi, na mkulima atakuwa ameshakwenda kwa mfanyabiashara Januari kama kawaida. Mkutano wenu ufanyike Agosti au Septemba, wakati malipo ya minada bado yako vichwani mwa watu. Muulize meneja wa chama maswali matatu na usiridhike na majibu ya mdomo: ukomo wa madeni ulipitishwa lini na ni kiasi gani, ukaguzi wa mwisho wa hesabu ulitoa hati ya aina gani, safi au yenye shaka, na kuna deni lolote la pembejeo la misimu ya nyuma ambalo halijalipwa. Swali la tatu ndilo linaloangusha vyama vingi. AMCOS yenye deni la kale hukataliwa hata kama wanachama wake wa leo ni waaminifu kuliko wale waliolisababisha.

Mkopo wa kupitia chama una hatari yake, na heri uijue kabla hujapiga kura ya kuuunga mkono. Fedha hukatwa kwenye ufuta uliofika ghalani. Mwenzako aliyechukua mkopo kisha akauza ufuta wake usiku kwa chomachoma, yaani wanunuzi wa magendo, kwa bei ndogo lakini kwa fedha za papo hapo, ameacha deni lisilo na mzigo wa kulilipa, na chama kitalazimika kulibeba. Nimeona vyama vikivunjika kwa kilo chache kutoka kila nyumba. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni chama kukataa kumkopesha mwanachama asiye na angalau misimu miwili ya mauzo kwenye daftari lake, hata kama ni ndugu wa mjumbe wa bodi, na kuwagawa wakopaji katika vikundi vidogo vya majirani wanaoyajua mashamba ya wenzao. Jirani anajua ekari tatu ulizoandika zipo kweli au zimo kwenye fomu tu.

Nije kwenye kiasi. Shilingi milioni tatu ni nyingi mno kwako, na kwa hilo benki ilikuwa sahihi hata kama sababu iliyokupa haikuwa hiyo. Chukua kilo zako 700, uzipige kwa bei mbaya na si kwa bei ya msimu mzuri uliyozoea kuitaja ukiwa kijiweni. Tuseme shilingi 2,000 kwa kilo: unapata 1,400,000. Kanuni ninayoitumia mimi, ambayo si sheria ya benki yoyote, ni kwamba mkopo wa msimu usizidi nusu ya mapato ya zao linaloudhamini yakikadiriwa kwa bei mbaya. Kwa hesabu hiyo mkopo wako ni shilingi 700,000. Kiasi hicho kinatosha kulipia mbegu bora, kulimisha, palizi mbili na vibarua wa kukata na kusimamisha ufuta katika ekari tatu. Msimu ukienda vizuri, mwakani utaomba zaidi ukiwa na rekodi ya kulipa, ambayo huwezi kuinunua kokote.

Gharama yake itakuwaje? Asilimia 9 ya 700,000 kwa miezi tisa, tangu Desemba hadi mwisho wa Agosti, ni shilingi 47,250. Hapo ongeza ada ya kuandaa mkopo. Ikiwa ni asilimia 2, ni shilingi 14,000. Ongeza na bima, tuseme 20,000. Jumla inafika 81,250, na ukiigeuza kuwa gharama ya mwaka mzima inapita asilimia 15. Ile 9 ya kwenye bango imekwenda wapi? Haijapotea, imezungukwa na vitu vingine. Hata hivyo linganisha. Mkopeshaji mdogo mwenye leseni, anayeruhusiwa kutoza hadi asilimia 3.5 kwa mwezi, angekutoza takribani 220,500 kwa kiasi na muda huohuo. Mfanyabiashara wako anakupa 200,000 na kuchukua magunia sita. Hata gunia likiwa shilingi 50,000 tu wakati wa mavuno, amechukua 300,000 ndani ya miezi mitano, na kwa kipimo hichohicho laki saba zako zingerudishwa kwa magunia 21, yaani shilingi 1,050,000. Watu wa mjini wana jina la mikopo ya namna hii: kausha damu. Yako imekuwa ikikukausha kwa magunia, na kwa kuwa hukuhesabu fedha hukuiona.

Ukikaa mbele ya afisa mikopo, acha kuuliza riba ni ngapi. Uliza: nikichukua laki saba leo, tarehe ya mwisho nitakuwa nimerudisha shilingi ngapi kwa jumla, kila kitu kikiwemo? Kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za 2019 zinaitaka benki ikueleze ada na masharti kabla hujasaini, kwa hiyo hutakuwa unamsumbua mtu. Uliza pia kama riba inakokotolewa kwenye mkopo wote muda wote au kwenye salio linalopungua kadiri unavyolipa. Na jambo ambalo kwa mkulima ni zito kuliko riba yenyewe: tarehe ya rejesho. Mkopo wenye rejesho la kila mwezi umetengenezwa kwa ajili ya mwenye mshahara au duka. Mkulima wa ufuta hana shilingi mwezi Machi, na akilazimishwa kulipa Machi atauza mbuzi, au atarudi kulekule kwa mfanyabiashara ili ailipe benki. Dai rejesho moja baada ya minada, na tarehe iwe mwisho wa Agosti badala ya Juni, kwa sababu mnada unaweza kuchelewa, na malipo baada ya mnada yakachelewa pia, huku riba ya ucheleweshaji ikimhesabia mkulima asiye na kosa.

Kuhusu mahindi, nakushauri usiyakopee benki kwa sasa. Mbolea ndiyo gharama yake kubwa, na huko Serikali inakusaidia kwa njia nyingine: mbolea ya ruzuku, ambayo ilipoanza msimu wa 2022/2023 iliuzwa takribani shilingi 70,000 kwa mfuko wa kilo 50 wakati bei ya sokoni ilikuwa imepita laki moja. Kama hujajiandikisha katika daftari la wakulima katika kijiji chako, au ekari zako zimeandikwa pungufu, lisahihishe jambo hilo kabla ya Oktoba. Namba yako ya usajili inakupa mbolea, na pia ni ushahidi mwingine kwa mkopeshaji kwamba wewe ni mkulima unayetambulika. Sehemu ya fedha za ufuta za Julai na Agosti iweke kando kwa ajili ya mbolea hiyo. Nikiwa mkweli, nusu ya faida ya mkopo ninaokushauri iko hapa: ukilipiwa ufuta kwa wakati na kununua mbolea mapema, Januari hutakuwa na sababu ya kubisha hodi kwa yule bwana.

Ikiwa AMCOS yenu ina madeni ya kale au haijakaguliwa, mlango unakuwa mwembamba lakini haufungwi. SACCOS, yaani chama cha kuweka na kukopa, iliyo hai wilayani itakukopesha kwa akiba na wadhamini wenzako, kwa riba inayozidi 9 lakini bila kukudai hati. Benki ya Ushirika Tanzania, iliyozinduliwa Dodoma mwezi Aprili 2025, iliundwa kwa ajili ya wanaushirika, na chama chenu kikuu kinaweza kuwaeleza inawafikia vipi. Hatimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo ifuatilie kama kijiji chenu kimeshapimwa na kina mpango wa matumizi ya ardhi, ila ifuatilie kwa ajili ya usalama wa shamba lako na watoto wako. Benki huipokea kwa tahadhari, kwa kuwa shamba la kijijini si rahisi kuliuza kwa mtu wa nje, nami sipendi kumwona mkulima akiweka rehani ekari nane kwa ajili ya gharama za msimu mmoja.

Mke wako yumo kwenye mpango mwingine kabisa. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Ilisitishwa Aprili 2023 baada ya ukaguzi kuonyesha fedha nyingi hazikurejeshwa na vikundi vingine havikuwepo, kisha ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mkali zaidi wa kuhakiki vikundi. Aanzie kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, na kikundi kiwe kimesajiliwa, kina katiba, akaunti ya benki na shughuli inayoonekana. Fomu haiuzwi, vishoka wanaojidai kuwa na mtu wao pale halmashauri wafukuzeni. Tahadhari yangu ni moja: fedha hizi hutoka kwa kalenda ya vikao na si kwa kalenda ya mvua. Kikundi kikiziombea mbegu, zinaweza kufika mahindi yakiwa kiunoni. Waombee shughuli isiyotegemea msimu, kwa mfano mashine ndogo ya kukamua mafuta au biashara ya kununua na kuhifadhi nafaka, na rejesho lao lilingane na mauzo ya shughuli hiyo.

Na mvua ikikataa? Bima ya mazao inayouzwa pamoja na mikopo mara nyingi hulipa kwa kipimo cha mvua au picha za setilaiti za eneo zima, kwa hiyo shamba lako linaweza kukauka wakati kipimo cha kata kinasema hali ni nzuri. Soma kinachofidiwa kabla ya kukatwa fedha. Ukiona Machi kwamba mavuno yatakuwa nusu, iandikie benki Machi hiyohiyo kupitia chama, mkiambatisha barua ya afisa ugani, na kuomba muda wa rejesho usogezwe. Ombi linalofika kabla ya tarehe ya deni hushughulikiwa kama tatizo la kilimo. Likifika baada ya tarehe hiyo, umeshageuka mdaiwa sugu.

Mwisho, kama bado unadaiwa magunia sita ya msimu huu, litaje deni hilo katika maombi yako, kwa sababu benki ikiligundua baadaye itakuhesabu kuwa umeficha. Umlipe yule mfanyabiashara yote, kwa amani, maana huenda bado mkaonana sokoni. Ila magunia hayo yapimwe kwenye mizani, kilo 100 kila moja. Akidai lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, hayo yatakuwa mazungumzo mengine, na shahidi wako awe mwenyekiti wa kijiji.